Kidude cha kugundua rada: kwa nini nimekitoa kwenye gari langu

Najua nimepotea kidogo. Kazi zilinibana, na huku kwetu mvua ya alasiri ikishanyesha, stima nayo huaga. Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata tuzungumze kuhusu barabara, maana mwezi huu pekee nimeulizwa swali lilelile na watu watatu. Wa kwanza ni binamu yangu mwenye Probox, wa pili jirani anayesafirisha maziwa, wa tatu mwalimu anayekwenda Nakuru kila Ijumaa. Wote wanasema: "Wewe mtu wa tarakilishi, niambie ninunue kigunduzi kipi cha rada."

Jibu langu fupi ni usinunue chochote. Jibu refu linafuata, na ukisoma hadi mwisho bado ukikitaka, nitakuambia pia namna ya kukichagua ili usiibiwe.

Kilichokuja na gari

Mwaka 2021 nilinunua Toyota Fielder kutoka Japani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mtu wa mfuko wangu huchukua lile linalokaribia mpaka huo na kushukuru Mungu. Juu ya dashibodi, mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha kidude chenye skrini ndogo. Nilipowasha gari mara ya kwanza, sauti ya msichana ikanisalimia kwa Kijapani. Fundi akataka kukichomoa nikamkataza. Nilijua ni nini, na nilijiona nimepata bahati ya bure.

Magari mengi ya Japani hubandikwa vigunduzi vya namna hii. Huwa na kazi mbili. Kwanza, vina antena inayosikiliza mawimbi ya rada ya polisi. Pili, vina GPS na orodha ya mahali kamera zilipofungwa, nchi nzima, ili ukikaribia usikie onyo hata kama hakuna wimbi lolote hewani. Kazi hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi huko kwao, na huku kwetu haina faida hata kidogo. Orodha ile inaijua Japani. Kericho, ambayo iko karibu kabisa na ikweta, haimo. Nikiwa Brooke au Chagaik, kwenye skrini nilikuwa doa dogo katika uwanja mtupu.

Ikabaki antena. Hapo inabidi tuelewe rada yenyewe.

Rada inavyokupima

Bunduki ya rada hurusha mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalokuja, hurudi yakiwa yamebanwa kidogo, kama vile sauti ya honi inavyokuwa nyembamba gari likija na nzito likishapita. Jambo hili lilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, kabla gari la kwanza halijaundwa. Bunduki nyingi za rada duniani hutumia masafa ya karibu gigahezi 24.15, yanayoitwa bendi ya K. Gari likija kwa kilomita 100 kwa saa, wimbi linalorudi huzidi lililotumwa kwa mitetemo karibu 4,470 kwa sekunde. Hesabu tofauti hiyo, gawanya, umepata mwendo. Kwenye programu ni mstari mmoja.

Sasa, kwa nini kigunduzi kiweze kumshinda polisi? Kwa sababu wimbi la polisi lina safari mbili, kwenda na kurudi, na likirudi limechoka sana. Kigunduzi kinahitaji ile safari ya kwenda tu. Kwa hiyo kinaweza kusikia rada ukiwa mbali, kabla bunduki haijapata jibu linalosomeka. Hii si porojo, ni fizikia, na ndiyo iliyofanya vidude hivi vipendwe sana Marekani baada ya mwaka 1974, nchi hiyo ilipoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89, kwenye barabara zake kuu.

Lakini polisi nao hawakulala. Kwanza walijifunza kuizima rada na kuiwasha pale tu gari linapofika. Hapo kigunduzi hulia wakati tayari umepimwa. Kisha ikaja leza, nayo imebadilisha kila kitu.

Bunduki ya leza haitumii redio. Hutuma mipigo ya mwanga usioonekana na kupima muda unaotumika kwenda na kurudi, mara nyingi mfululizo, hadi ijue gari linasogea kwa kasi gani. Yote hayo huchukua chini ya nusu sekunde. Rada humwagika barabarani kama mwanga wa taa kubwa, lakini mwale wa leza ni mwembamba: ukiwa umbali wa mita 300, upana wake haufiki hata mita 1. Polisi huulenga kwenye nambari ya gari lako. Gari lililo mbele yako likipimwa, wewe husikii kitu. Ukipimwa wewe, kidude chako kitalia vizuri sana, na kitakuwa kinakupa taarifa ya jambo lililokwisha kutokea.

Nilivyokamatwa

Nililijua hilo kwa njia ya kawaida. Ilikuwa kati ya Litein na Kapkatet, asubuhi, jua limewaka, kidude kimenyamaza na mimi nimestarehe. Afisa aliyesimama kando ya majani chai akanipungia mkono. Kwa kuwa ni udhaifu wangu kupenda mitambo, nilimwomba anionyeshe kifaa. Akacheka, akanionyesha: lenzi mbili mbele, skrini nyuma, na picha ya Fielder yangu ikiwa na alama ya msalaba juu ya nambari. Mwendo 64, mahali pa 50.

Sikuwa na la kubisha. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziko wazi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Nilizidisha 14. Nikalipa 3,000 zangu.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilisema tatizo ni toleo la zamani. Nikamwagiza rafiki aliye ng'ambo aniletee kigunduzi kipya kinachosikia leza pia. Bei sitaitaja, maana mke wangu husoma kurasa hizi.

Kipya kilikuwa na tatizo lingine: kililia mno. Magari mapya yana rada ndogo pembeni za kumwonya dereva kuna gari usiloliona kwenye kioo, na nyingi hutumia masafa ya karibu gigahezi 24, jirani kabisa na ya polisi. Milango ya maduka makubwa inayojifungua yenyewe nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kila lilipopishana nami gari la kifahari, kidude kilipiga kelele kama kuku aliyeona mwewe. Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hii. Mfumo ukitoa maonyo ya uongo kila dakika, mtu huacha kuyasoma, na siku onyo la kweli likija linapita pamoja na mengine.

Jioni ile

Sasa nifike kwenye sababu yenyewe.

Aprili 2024 nilikuwa natoka Sotik kurudi Kericho, kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Mliokulia huku mnaijua saa hiyo. Mvua imetoka kukatika, ukungu unapanda kutoka mabondeni, lami inang'aa, na barabarani kuna kila kitu: trekta za majani chai zisizo na taa nyuma, bodaboda zenye abiria watatu, wanafunzi, ng'ombe wa maziwa. Niliangalia kidude, kimenyamaza. Nikaacha gari literemke. Mshale ulikuwa umepita 80.

Chini ya mteremko kulikuwa na kituo cha kununulia majani. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni alikuwa anavuka, ameshika mkono wa mtoto aliyebeba mwavuli mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Nilikanyaga breki, gari likateleza, nikalipeleka mtaroni kwa sababu upande mwingine walikuwa wao. Liliposimama, mwavuli ulikuwa umelala barabarani. Wao walikuwa wamesimama wima. Sijui hata leo kama niliwakosa kwa mita mbili au moja.

Yule mama ndiye aliyekuja kwangu. "Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nisamehe sana."

Wakati huohuo gari jipya likapita juu barabarani, na kidude changu kikaanza kulia. Akainama akakiangalia. "Hiki kinachopiga kelele ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni cha kuonyesha walipo polisi.

Akafikiri kidogo. "Leo hawakuwa hapa," akasema, akaenda kumwokotea mtoto mwavuli.

Nilikichomoa usiku huohuo.

Hesabu nilizopaswa kufanya mapema

Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeifanya. Chukua sekunde moja na nusu ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, na breki za kawaida kwenye lami iliyolowa. Kwa kilomita 50 kwa saa unahitaji kama mita 40 kusimama. Kwa 80 unahitaji kama mita 83. Kwa 100, karibu mita 119. Ukungu wetu wa jioni mara nyingi haukuachii hata mita 80 za kuona.

Na faida? Kwenye kilomita 10, mwenye kwenda 100 anamtangulia mwenye kwenda 80 kwa dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu! Tunaipoteza tukingoja chenji ya mahindi ya kuchoma.

Barabara hizi zina kumbukumbu zake. Tarehe 10 Oktoba 2018, alfajiri, basi lilianguka Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, Ijumaa jioni, trela iliacha njia pale Londiani Junction ikafagia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Walikufa watu 52. Mimi nilipita pale siku hiyo kama saa mbili kabla, nikanunua viazi. Sisemi ajali hizo zililetwa na vigunduzi, la hasha. Nasema tu kwamba wale waliokuwa wakiuza vitunguu pale hawakuwa wakitoa wimbi lolote ambalo antena ingeweza kulisikia.

Ndipo nilipoona kosa langu kwa lugha ya kazi yangu. Kuna tofauti kati ya programu iliyo sahihi na programu iliyofuzu majaribio. Mnakumbuka Septemba 2015, Volkswagen ilipokiri kwamba programu katika magari yake ya dizeli, karibu milioni 11 duniani, ilikuwa ikitambua gari linapopimwa moshi, ikajiweka safi kwa muda ule tu? Waandishi wa programu tulikasirika. Tuliandika makala juu ya maadili ya taaluma. Mimi nami nilipiga kelele sana. Kisha nikabandika kwenye dashibodi kidude chenye kazi ileile: kumtambua mpimaji, kujiweka safi akiwepo, na kurudia uchafu akishapita.

Matatu zetu zina hadithi hiyohiyo. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliweka vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mikanda. Wengi tunakumbuka miezi ile ya kwanza, jinsi safari zilivyotulia. Halafu mafundi wakajifunza kuchezea waya. Kidhibiti kikabaki pale kwa ajili ya kuonyeshwa kwenye ukaguzi.

"Lakini polisi wanatutegea!"

Najua mtasema hivyo, na hoja hii siidharau. Binamu yangu alinijibu: "Ndugu, mimi sikimbii. Kibao cha 50 kimeibwa kikauzwa chuma chakavu, afisa amejificha kwenye majani chai chini ya mteremko, na hataki kunipeleka kortini, anataka kitu kidogo. Kwa nini nisijilinde?"

Ana haki ya kukasirika. Kibao kisichokuwepo hakimwongozi mtu, na bunduki ya mwendo iliyofichwa ili kuchuma pesa haimwokoi yule mama wa kikapu. Mimi nataka kipimo kionekane, vibao virudishwe, na faini ilipwe kwa njia inayoacha risiti.

Lakini angalia kigunduzi kinafanya nini juu ya malalamiko haya. Hakirudishi kibao. Hakiachi ushahidi wowote wa mwendo uliokuwa nao. Na kwa leza hakikuonyi kwa wakati. Unalipa pesa nyingi ubaki palepale, ukiwa na kelele zaidi. Huku kwetu tayari tuna kigunduzi cha bure kinachokishinda: madereva wanaokuwashia taa wakipishana nawe. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao bunduki hii wanaiita tochi, wana mtandao huohuo wa taa. Hata huo una dosari yake, maana taa zinamwonya pia yule mlevi mwenye lori.

Ninachotumia sasa

Nimebadilisha swali. Zamani niliuliza, "Polisi wako wapi?" Sasa nauliza, "Hapa mwendo ni ngapi, na mimi nina ngapi?" Swali hilo linajibika kwa simu uliyo nayo mfukoni.

Kwanza, mwendo wako. GPS ya simu haihitaji kukisia. Hutumia badiliko lilelile la Doppler, safari hii kwenye mawimbi ya setilaiti. Utagundua pia kwamba mshale wa gari lako huzidisha kidogo. Watengenezaji wameuweka hivyo kwa makusudi, kwa kuwa kanuni za kimataifa zinakataza usome chini ya mwendo halisi.

Pili, kikomo cha mahali. Hapa ndipo ninapowaomba msaada. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004, inamruhusu mtu yeyote kuandika kikomo cha kila kipande cha barabara. Programu kama OsmAnd husoma maandishi hayo bila intaneti na kukuonya ukizidisha. Jumamosi tatu nilikwenda na daftari kutoka Kericho hadi Litein, Kapkatet, Sotik, Kaplong, Silibwet na mji wa Bomet, nikiandika vibao vilivyopo. Pale kibao kilipong'olewa niliuliza wenyeji kilisimama wapi, nikaenda kuuliza pia ofisini, na nilichothibitisha ndicho nilichoweka. Simu ikitetemeka kabla ya kituo cha kununulia majani, hainiambii kama kuna afisa. Inaniambia kuna watu.

Tatu, kamera ndogo ya dashibodi yenye GPS, inayorekodi barabara, saa na mwendo. Siku ukisingiziwa, utaomba picha yao na utaonyesha yako. Hiyo ndiyo silaha ya mtu asiyekimbia.

Kwa yule asiyesikia

Niliahidi. Ukishikilia kununua, basi:

1. Soma sheria kwanza, za hapa na za kila nchi utakayovuka. Vidude hivi vimepigwa marufuku Ufaransa, na hata Marekani kwenyewe jimbo la Virginia limevikataza.
2. Usilipie orodha ya kamera za Japani, Ulaya au Marekani. Huku ni mzigo wa bure.
3. Chagua chenye uwezo wa kuchuja rada za magari mengine, la sivyo utakizima wiki ya kwanza.
4. Usikubali muuzaji akuambie kinga ya leza ipo. Kusikia leza si kinga.
5. Kifunge pasipoziba macho yako, kisha uzime redio ya gari kwa wiki moja uhesabu ni mara ngapi kimelia kwa haki. Mimi nilihesabu. Kwa wiki ile yote haikuwa hata mara moja.

Kidude changu kiko kabatini. Watu wawili wameniomba niwauzie nimekataa, wananiona mchoyo. Wacha waone hivyo. Kesho asubuhi nateremka tena Sotik kuna mteja ananisubiri, na mahali pale penye mteremko nitapita na 50, hata kama nyuma yangu matatu itanipigia honi hadi betri iishe.

Kama unajua vibao vya 50 kati ya Bomet, Longisa na Mulot, andika mahali vilipo uniletee. Kipande hicho cha ramani bado kitupu, na Jumamosi ijayo nina nafasi.